Taa za mbele zinazojiwasha zenyewe: jinsi ya kuzirekebisha au kuzizima

Wengi wanaoniletea gari wakitaka taa za kujiwasha "zikatwe" hawana haja ya kukatiwa waya wowote. Kero yao huisha kwa kitambaa kisafi au kwa kubonyeza menyu mara mbili tatu. Fuata mpangilio huu, na usirukie mwisho.

Hatua ya 1: Jua ni taa zipi zinazokusumbua

Washa injini mchana, weka swichi ya taa kwenye AUTO, shuka, uzunguke nyuma ya gari. Taa nyekundu za nyuma zikiwa zinawaka, basi ni taa kubwa za mbele zilizowashwa na sensa, yaani kidude kinachopima mwanga wa nje. Ikiwa mbele kunawaka lakini nyuma ni giza, kwa kawaida hizo ni taa za mchana. Hizo hazina habari na sensa; kazi yake ni kukufanya uonekane, na Umoja wa Ulaya uliziagiza kwa aina mpya za magari tangu 2011. Ukichanganya mifumo hii miwili utahangaika na sensa isiyo na kosa.

Hatua ya 2: Kagua sensa

Iko juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, kidude cheusi chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Kwenye magari mengine imebandikwa kwenye kioo, nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, pamoja na sensa ya mvua. Ondoa makaratasi, vitambaa vya mapambo na stika. Futa vumbi. Kama kioo cha mbele kimebandikwa tinti inayofika hapo, umeshapata mchawi: sensa inaona jioni saa nane mchana.

Sasa ipime. Toa gari juani, maana chini ya paa la gereji hutapata jibu la kweli. Funika sensa kwa kiganja. Taa ziwake ndani ya sekunde chache. Ondoa mkono, usubiri. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa mapema na kusema sensa imekufa. Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu taa za magari, inataka taa ziwake ndani ya sekunde 2 mwanga ukishuka chini ya lux 1,000 (lux ni kipimo cha mwanga), lakini mwanga ukizidi lux 7,000 zizime baada ya zaidi ya sekunde 5, hadi 300. Kuchelewa huko ni kwa makusudi, ili taa zisiwake na kuzima kila upitapo chini ya mti au daraja. Mpe dakika tano kamili kabla ya kumhukumu.

Hatua ya 3: Punguza wepesi wa sensa

Simamisha gari, ingia kwenye mipangilio ya gari, sehemu ya taa. Magari mengi yana ngazi kadhaa za kuamua taa ziwake mapema au zichelewe. Sogeza ngazi moja tu, endesha jioni moja, ndipo uamue kama unahitaji nyingine. Hapo hapo utakuta muda wa taa kubaki zinawaka ukishazima gari; ukihofia betri, upunguze.

Kama hakuna menyu, kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kupimia gari inayochomekwa kwenye tundu chini ya usukani. Betri iwe na chaji ya kutosha, na piga picha thamani za awali kabla ya kugusa chochote. Fundi asiyehifadhi thamani za awali, mnyang'anye mashine.

Hatua ya 4: Zima

Swichi ikiwa na OFF, zungusha, umemaliza. Ikiwa haina, huenda gari limetengenezwa kwa kanuni ya Japani inayolazimisha taa za kujiwasha, iliyoanza Aprili 2020 kwa modeli mpya. Hapo utaweza kuzima ukiwa umesimama tu. Ukianza kuendesha kwenye giza, zinarudi. Usishindane nalo.

Kwa taa za mchana, jaribu kuvuta breki ya mkono kabla ya kuwasha injini. Kwenye baadhi ya magari hubaki zimezimwa hadi uiachie. Fyuzi ichomoe pale tu mchoro wa kisanduku unapoonyesha ni ya taa hizo peke yake. Na kabla ya kuzizima moja kwa moja, hakikisha sheria ya unakoendesha inaruhusu.

Usifanye haya

Usibandike tepu nyeusi juu ya sensa: unaiambia ni usiku, taa zitawaka kutwa. Kuchomoa plagi yake mara nyingi huleta yaleyale, kwa sababu kompyuta ikikosa taarifa huchagua usalama. Kuunga kizuizi cha umeme (rezista) kwenye waya wa sensa ili kuidanganya kompyuta ni jambo nisilolipenda kabisa. Sensa nyingi za sasa hutuma taarifa za kidijitali, kwa hiyo utabaki na waya uliochubuka na alama ya hitilafu.

Ukishazima, jizoeze kutazama alama ya kijani ya taa kila jioni. Dashibodi za skrini hung'aa muda wote, na taa za mchana zinamulika mbele kidogo, kwa hiyo ni rahisi kuendesha mjini usiku huku nyuma huna hata nukta nyekundu. Na betri ikibadilishwa, kagua mipangilio tena. Kwenye baadhi ya magari hurudi ilivyotoka kiwandani.