Kabla Hujasaini Fomu ya Jaribio la Dawa za Upandikizaji

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upandikizaji wa seli shina, na wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu) hawachoki kuniuliza: "Sista, nisaini?" Jibu si langu. Ila nenda nayo fomu ukaisome, kalamu ikae mbali.

Tafuta kwanza awamu ya jaribio. Ya kwanza husaka dozi inayovumilika. Ya pili hutazama kama mchanganyiko wa dawa unafanya kazi. Ya tatu huulinganisha na tiba iliyozoeleka, na hapo kundi lako hupangwa kwa bahati nasibu, si kwa matakwa ya daktari.

Kisha uliza kipi hasa ni kipya. Mara nyingi msingi ni uleule, fludarabini pamoja na busulfani au melfalani, dawa za kemo zinazotolewa kabla ya kupandikizwa, halafu kimeongezwa kitu. Lengo ni kuua seli za saratani zilizobaki kwenye uboho, yaani kiini cha mfupa kinachotengeneza damu, na kuituliza kinga isizikatae seli za mchangiaji. Dozi ikizidi, viungo huumia. Ikipungua, ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo bana hapa: ini langu litalindwaje? Kiwango cha busulfani kitapimwa kwenye damu? Dawa ya kuzuia degedege nitaanza lini? Kwa melfalani, omba barafu ya kumung'unya wakati dawa inaingia. Hupunguza vidonda vya mdomoni. (Wengi huidharau.)

Kujitoa kwenye utafiti ni haki yako wakati wowote. Lakini uboho ukishazimwa na dawa, zile seli za mchangiaji bado utazihitaji, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba ziko tayari.