Kugawa ruhusa za akaunti ya blokucheini kwa mstari wa amri: mfano wa chama cha kahawa Moshi

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutunza fedha zao katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu ili asiwepo anayeweza kulifungua akiwa peke yake. Akaunti ya blokucheini (daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi) inayoendeshwa na EOSIO, programu iliyotolewa na Block.one mwaka 2018 na ambayo tangu 2022 inaendelezwa kwa jina la Antelope, inaweza kufungwa kwa utaratibu huohuo. Tatizo ni kwamba haizaliwi hivyo: inapofunguliwa, mara nyingi ufunguo mmoja tu ndio unaotawala kila kitu.

Mfano wetu ni chama cha msingi cha kahawa kilichopo Moshi, ambacho kinaandika kilo zinazopokelewa mizanini katika mnyororo (blokucheini) wake wa majaribio. Akaunti ya chama ni `kahawamoshi1`, na mkataba, yaani programu ndogo ndani ya mnyororo, unaopokea kumbukumbu upo kwenye akaunti `pokeakahawa1`. Majina huwa na herufi zisizozidi 12, na hukubali herufi ndogo za a hadi z, tarakimu 1 hadi 5 na nukta pekee, hivyo usihangaike kuweka sifuri.

Anza kwa kutazama hali ilivyo kwa `cleos`, programu ya EOSIO ya mstari wa amri:

`cleos get account kahawamoshi1`

Katika majibu utaona ruhusa mbili, `owner` na chini yake `active`, kila moja ikiwa na namba mbili na ufunguo wa umma (ule unaoweza kuonyeshwa kwa yeyote, tofauti na wa siri unaotia saini). Namba ya kwanza ni kizingiti, yaani uzito unaotakiwa ili muamala upite. Ya pili ni uzito wa ufunguo huo. Zote zikiwa 1, maana yake mwenye ufunguo anajitosheleza. `active` hutumika kwa kazi za kila siku, nayo `owner` ni mzazi wake, inayoweza kubadilisha chochote, ikiwemo `active` yenyewe.

Kabla ya kugusa lolote, tengeneza funguo mpya na uzihifadhi kwenye faili:

`cleos create key --file karani.txt`

Ipo njia nyingine, `--to-console`, inayoandika ufunguo kwenye skrini tu, nami siipendi kwa sababu iliwahi kunigharimu. Nilikuwa nimekwisha kubadilisha `owner` ya akaunti ya majaribio kwa ufunguo uliokuwa bado kwenye skrini, umeme ukakatika kabla sijaunakili, na kompyuta ilipowaka tena ile skrini haikuwa na kitu. Akaunti ile ipo hadi leo na hakuna anayeweza kutumia `owner` yake, mimi nikiwemo. Tangu hapo huandika ufunguo wa siri kwenye karatasi mbili kwanza, ndipo nibadilishe ruhusa. Faili lenyewe lifutwe baada ya ufunguo kuingizwa kwenye pochi, programu inayotunza funguo za siri, kwa `cleos wallet import`. Kumbuka pia kwamba pochi hujifunga yenyewe baada ya dakika 15 bila kutumika, kwa hiyo ukikataliwa ghafla katikati ya kazi, huenda ni kufuli lake tu.

Sasa tumpe karani wa mizani ruhusa yake. Mama mmoja mweka hazina aliniuliza jambo ambalo ndilo kiini cha hatua hii: "Mwanangu, kama karani ana ufunguo wa kupokea kahawa, nani atamzuia asitoe na fedha?" Jibu ni kwamba ruhusa yake inafungwa kwenye kitendo kimoja. Kwanza unaiunda ruhusa iitwayo `mizani` chini ya `active`, ukiweka ufunguo wa umma wa karani mahali palipoandikwa UFUNGUO:

`cleos set account permission kahawamoshi1 mizani UFUNGUO active -p kahawamoshi1@active`

Kisha unaifunga kwenye kitendo cha `pokea` cha mkataba wetu:

`cleos set action permission kahawamoshi1 pokeakahawa1 pokea mizani -p kahawamoshi1@active`

Hatua hii ya pili ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo ruhusa mpya haimwezeshi karani kupokea kahawa. Karani akipima kilo 48 ataandika hivi:

`cleos push action pokeakahawa1 pokea '["mkulima12", 48]' -p kahawamoshi1@mizani`

Akijaribu kuhamisha fedha kwa ruhusa hiyohiyo, atakataliwa kwa kosa namba 3090005, linalosema kwamba ruhusa aliyoitaja haihusiki na kitendo hicho. Mjaribu makusudi mbele ya wajumbe. Kosa likitokea wakiliona kwa macho yao, maelezo mengine hayahitajiki.

Baada ya karani, zinafuata kufuli tatu. Hapa `active` inabadilishwa iwe ya viongozi wawili kati ya watatu, kila mmoja akiwa na akaunti yake. Andika mamlaka hiyo kwenye faili `active.json`:

`{"threshold":2,"keys":[],"accounts":[{"permission":{"actor":"katibumoshi1","permission":"active"},"weight":1},{"permission":{"actor":"mhasibumoshi","permission":"active"},"weight":1},{"permission":{"actor":"mwenyekiti11","permission":"active"},"weight":1}],"waits":[]}`

Halafu:

`cleos set account permission kahawamoshi1 active active.json owner -p kahawamoshi1@owner`

Mpangilio wa majina si wa hiari. Ni lazima akaunti zifuatane kialfabeti, katibu kabla ya mhasibu na mhasibu kabla ya mwenyekiti, la sivyo mamlaka yote inaweza kukataliwa hata kama wadhifa wa mwenyekiti ndio wa juu. Vilevile itakataliwa ikiwa jumla ya uzito haifikii kizingiti.

Kuanzia hapo hakuna kiongozi anayetia saini peke yake. Mmoja hupendekeza muamala kwa `cleos multisig propose`, wenzake huukubali kwa `approve`, na mmoja huutekeleza kwa `exec`. Kazi hizo hufanywa na mkataba wa `eosio.msig`, ambao ni lazima uwepo kwenye mnyororo wako. Usipotaja muda, pendekezo hufa baada ya saa 24, na kwa viongozi ambao mmoja yupo shambani Kibosho na mwingine amesafiri kwenda Arusha, muda huo ni mfupi. Ongeza saa tangu mwanzo.

`owner` nayo ibadilishwe kwa namna hiyohiyo, mwisho kabisa, baada ya kuthibitisha kwa muamala mdogo kwamba viongozi wawili wanaweza kweli kukubaliana na kutekeleza.

Karani akiondoka, usichelewe. Ruhusa inaweza kujibadilisha yenyewe, maana yake karani wa zamani bado anaweza kuweka ufunguo mwingine kwenye `mizani`, ingawa `active` inaweza kumpiku. Kama mrithi wake ameshapatikana, rudia amri ya kuunda `mizani` kwa ufunguo mpya. Kama hayupo, fungua kwanza kifungo cha kitendo, ndipo ufute ruhusa, kwa sababu ruhusa ambayo bado imefungwa kwenye kitendo haifutiki:

`cleos set action permission kahawamoshi1 pokeakahawa1 pokea NULL -p kahawamoshi1@active`

`cleos set account permission kahawamoshi1 mizani NULL active -p kahawamoshi1@active`

Kwa kuwa `active` sasa ni ya watu wawili, amri hizi mbili zikitumwa hivi na kiongozi mmoja zitakataliwa kwa kosa 3090003. Zipitishe kwenye pendekezo, kisha uite tena `cleos get account` uhakikishe kwamba mstari wa `mizani` haupo.