Mwambie Kinyozi kwa Namba: Namna ya Kutoka na Mkato Ulioutaka

"Punguza kidogo tu." Mikato mingi inayojutiwa huanzia hapa. Aliyekaa kitini anafikiria nusu sentimita. Aliyeshika mashine anafikiria kukirudisha kichwa kilivyokuwa mara ya mwisho, pengine sentimita mbili nzima. Wote wana nia njema, ila hakuna aliyetaja kipimo. Na nywele hazirudi upesi: kwa wastani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, yaani karibu theluthi ya milimita kwa siku. Kosa la dakika moja unaweza kutembea nalo wiki tatu. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla mashine haijawashwa, na kazi hiyo ni ya mteja.

Namba zinapima nini

Namba anazotaja kinyozi ni za vile vitana vya plastiki vinavyochomekwa mbele ya mashine. Asili yake ni inchi: kila namba moja ni sehemu ya nane ya inchi, milimita 3 na kidogo. Ndiyo maana namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, namba 4 milimita 13, na kuendelea hivyo hadi namba 8 inayoacha milimita 25. Zipo pia za nusunusu: nusu ni milimita 1.5, na moja na nusu ni karibu milimita 4.5.

Mashine isiyo na kitana huitwa sifuri, lakini sifuri si urefu mmoja. Pembeni mwa mashine nyingi kuna kijiti kinachosogezwa kwa kidole gumba. Kikifungwa, meno hukaribia ngozi na kuacha kama nusu milimita; kikifunguliwa, huacha hadi milimita 2 hivi, kutegemea mashine. Kwa hiyo ukisema "sifuri" na kunyamaza, umempa kinyozi uhuru mkubwa kuliko unavyodhani.

Jambo jingine linalowakwaza watu ni kwamba baadhi ya mashine, hasa za nyumbani, huandikwa milimita badala ya namba. Tarakimu 3 kwenye mashine hizo ni milimita 3, wakati namba 3 ya kinyozi ni milimita 10. Tofauti ya milimita 7 kichwani ni tofauti ya kuonekana kwa ngozi na kutoonekana. Ukikalia kiti kigeni, uliza: "Hii 3 ni namba au milimita?"

Fahamu pia kwamba hatua kati ya namba hazionekani sawa machoni. Kutoka 2 kwenda 1 ni kukata nusu ya urefu wote, na kichwa kinabadilika sura. Kutoka 8 kwenda 7 hata jirani yako hatambui. Mashaka ya namba ndogo ndiyo ya hatari, kwa hiyo kama huna hakika kati ya 1 na 2, anza na 2, ujitazame kwenye kioo, kisha uamue.

Halafu kuna mwelekeo wa mashine. Ikienda kinyume na nywele zinavyolala, inakata kwa urefu kamili wa kitana. Ikifuata zinavyolala, nyingi huteleza chini ya meno na kubaki ndefu zaidi, kiasi kwamba namba 2 iliyofuata nywele inaweza kuonekana kama 3. Vinyozi wawili wanaweza kutumia kitana kilekile na ukatoka na vichwa viwili tofauti. Ukipenda kazi ya kinyozi fulani, mwangalie alivyopeleka mkono.

Kabla hujakaa

Njoo na nywele safi, kavu, zisizo na mafuta mazito. Mafuta na vumbi hugandisha nywele kwenye meno, na mashine iliyojaa huanza kuvuta badala ya kukata. Kama ulivaa kofia, ivue mapema ili nywele zisimame zinavyosimama siku zote. Nywele zilizolowa huonekana ndefu kuliko zilivyo, na zile za kipilipili zinaweza kujikunja hadi chini ya nusu ya urefu wake zikikauka. Anayekata kwa mkasi zikiwa zimelowa lazima aache ziada, la sivyo zikikauka utabaki na fupi kuliko ulivyotaka.

Picha inasaidia, mradi iwe sahihi. Picha ya mtu mwenye nywele laini na paji dogo haimfai mwenye nywele nzito za kujikunja na komwe. Iliyo bora kuliko zote ni ya kichwa chako mwenyewe siku ulipopendeza: mbele, pande zote mbili, na kisogoni. Vinyozi wengi huonyeshwa picha ya mbele pekee, kisha hulazimika kubahatisha robo tatu ya kichwa iliyobaki.

Maelekezo yenyewe

Kinyozi anahitaji kujua urefu wa juu, urefu wa pembeni, mahali pembeni panapoanza kufifia, na namna ya kumalizia kingo. Kwa mfano: "Fundi, juu acha namba 4. Pembeni fedi ya chini, ianzie sifuri, isipande zaidi ya vidole viwili juu ya sikio. Mstari wa mbele usafishe tu, usiurudishe nyuma. Kisogoni fifisha, usinipigie mraba." Sekunde kumi na tano, na hakuna neno "kidogo" ndani yake.

Fedi ndiyo inayohitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ni mteremko wa urefu kutoka ngozi tupu chini hadi nywele nzito juu, na kinachoitofautisha moja na nyingine ni mahali mteremko unapoanza. Fedi ya chini inaanzia kidogo juu ya sikio na kuufuata mstari wa shingo. Ya kati inafika usawa wa panja. Ya juu inakaribia pale kichwa kinapoanza kupinda kuelekea utosini, mahali tunapoweza kupaita bega la kichwa. Kulipata ni rahisi: laza chanuo wima ubavuni mwa kichwa, pale linapoachana na ngozi kwa juu, hapo ndipo bega lilipo. Namba ndogo zikivuka bega, nywele za juu hubaki kama kofia iliyowekwa juu ya yai, na hakuna njia ya kulirekebisha hilo siku hiyo isipokuwa kushusha kichwa kizima.

Kinyozi mzuri huweka kwanza mstari wa chini kwa mashine iliyofungwa, akapanda kama sentimita moja na nusu kwa mashine iliyofunguliwa, kisha namba nusu, kisha 1, kisha moja na nusu, kila moja ikiwa na ukanda wake mwembamba. Baadaye hurudi kufuta mistari kati ya kanda kwa kukifungua na kukifunga kile kijiti, akiiinua mashine mwishoni mwa kila mpito kama anayekwangua. Mstari mweusi unaobaki unaonyesha kwamba hatua moja kati ya hizo imerukwa. Mwonyeshe kwa kidole ulipo na mwombe apite na nusu. Hilo ni ombi la kawaida, wala si kumdharau.

Utosini, pale nywele zinapozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu, panahitaji uamuzi wake. Kwa nywele zilizonyooka, urefu wa katikati husimama kama mswaki. Ama ziachwe ndefu za kutosha kulala kwa uzito wake, ama zishushwe hadi namba 1 ambapo kusimama kwake hakuonekani. Hata kwenye nywele fupi za kujikunja, mashine lazima ipite hapo kutoka pande kadhaa, maana hakuna upande mmoja ulio kinyume na nywele zote.

Mstari wa mbele

Hili ndilo kosa linaloumiza watu zaidi, na halistahili kuchukuliwa kirahisi. Mstari wa asili hauko sawa kulia na kushoto. Kinyozi anayetaka ulingane kabisa hukata upande mmoja, akaona umezidi, akakata wa pili, akarudi wa kwanza. Mara tatu hivyo, paji la uso limeongezeka milimita 4 au 5. Nywele zilizokatwa zikianza kuota baada ya siku chache, kunatokea kivuli mbele ya mstari, na safari inayofuata kinyozi hukifuta kivuli hicho kwa sababu ndiyo mstari uliopo. Kila safari kosa linathibitishwa upya.

Kanuni ni moja: mashine ya kuchongea iguse zile tu zilizo nje ya mstari wa asili, na wakati wa kuchonga usikunje paji wala kuinua nyusi, kwa sababu ngozi ikisogea mstari unasogea nayo. Kama tayari umerudishwa nyuma, kaa wiki mbili au tatu bila kuchongwa mbele. Kivuli hakipendezi siku hizo, lakini ndiyo njia.

Sharafa zipimwe kwa macho, kinyozi akiwa amesimama mbele yako, zisipimwe kwa masikio. Masikio ya watu wengi hayalingani urefu. Kisogoni, kaa wima wakati mstari wa shingo unapowekwa. Ukiinamisha kichwa ngozi inavutika, na ukiinua mstari unashuka. Mraba unapendeza siku ya kwanza lakini huonyesha machipukizi ndani ya wiki. Uliofifishwa hudumu muda mrefu zaidi bila kuonekana mchafu.

Kazi ikiendelea

Omba kioo baada ya mpito wa kwanza, usisubiri wa mwisho. Mpito mmoja ubavuni unatosha kukuonyesha kama namba ndiyo yenyewe. Simu iweke mfukoni. Kichwa kinachoinama kila dakika huzaa upande mmoja mfupi.

Mashine ikivuta, sema mara moja. Sababu huwa ni meno butu, meno makavu yasiyo na mafuta, au nywele ndefu mno kwa kitana kidogo. Hiyo ya mwisho hutatuliwa kwa kuanza na mkasi au namba kubwa. Zile nyingine zinahitaji kusimamisha mashine, kupiga brashi meno, na kutia matone mawili matatu ya mafuta yake. Chuma kikiwa cha moto shingoni, mashine imekimbia muda mrefu na inahitaji kupumzika. Ngozi iliyochomwa hivyo huwasha siku mbili.

Ngozi

Wenye nywele za kujikunja hupata vipele kwa sababu nywele iliyokatwa chini sana hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi. Kwenye ndevu, acha angalau milimita 1, fuata mwelekeo wa nywele, na usiivute ngozi wakati wa kunyoa. Kisogoni jambo ni zito zaidi: vivimbe vidogo vigumu vinavyorudi kila baada ya kunyoa vinaweza kuungana na kuwa kovu nene lisiloota nywele tena. Ukiviona, usikubali wembe wala sifuri hapo, namba 1 iwe ya chini kabisa, na mwone daktari wa ngozi vikiwa bado vichache.

Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hivyo wembe "uliotumika mara moja tu" haufai. Mashine nayo hueneza mapunye. Isafishwe nywele kwa brashi kwanza ndipo spiriti ya asilimia 70 ipakwe na kuachwa ikauke. Spiriti iliyomwagwa juu ya nywele na mafuta haifiki kwenye chuma. Na lile kabati lenye taa ya buluu ni la kutunzia vifaa vilivyokwisha safishwa: taa yake hugusa tu upande inaoumulika, haiingii katikati ya meno.

Ikiharibika

Usitoe hukumu ukiwa kitini. Nenda ukaoshe nywele, ziache zikauke, ndipo uangalie. Nyingi zilizokuwa zimelala husimama na kuonyesha hali halisi. Upande mmoja ukizidi, rudi ndani ya siku mbili tatu, kabla haijawa vigumu kutofautisha kilichokatwa vibaya na kilichoota.

Pengo lililo chini ya bega la kichwa kwa kawaida humezwa kwa kuipandisha fedi: ya chini inakuwa ya kati, na pengo linaingia ndani ya mteremko. Pengo la juu halina ujanja huo. Ama unashusha juu yote ilingane na pengo, ama unasubiri. Hesabu ya kusubiri ni nyepesi: hatua moja ya namba hurudi kwa kama siku 10, hatua mbili kwa kama siku 20. Kuendelea kupunguza kila siku mbili kwa kutafuta ulinganifu huishia kwenye kipara ambacho hukukiomba.

Ukipata mkato mzuri, andika namba zake kwenye simu siku hiyohiyo, pamoja na tarehe, kisha uandike siku ulipoanza kuonekana umechakaa. Fedi ya ngozi kwa wengi hupoteza makali kati ya siku 7 na 14. Kama una shughuli Jumamosi, nyoa Jumatano au Alhamisi: mistari inakuwa imelainika, wekundu na vipele vimetulia, na kama kuna upande uliosahaulika bado una Ijumaa ya kurudi.