Kwenda mechi bila mafuta kutumaliza

Sisi maveterani wa soka la Jumapili hapa Mwanza tunatoka Igoma, Buhongwa na Nyegezi kwenda kucheza Kirumba. Nauli zilipopanda, wa kwanza kupotea walikuwa mabeki.

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo (ya juu kabisa) ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Subiri hiyo ndipo upange michango. Mechi ya ugenini, tuseme Sengerema, msikodi Hiace kwa bei moja iliyojumlisha na mafuta. Mwambieni dereva: mafuta tunaweka wenyewe, wewe tunakupa posho. Na mmoja wenu awepo kituoni yakiwekwa. Mimi niliwahi kutuma hela kwa simu, tukasukuma gari Usagara na jezi zetu mwilini. Upepo wa matairi ukaguliwe hapohapo. Mazoezi ya katikati ya wiki, kila mtu mtaani kwake. Kipa tu mlipieni bodaboda. Kumpata mwingine ni kazi.