Uko Dodoma na unataka kwenda mikutano ya mantiki, lugha na kompyuta? Fanya hivi

Vijana wa hapa Dom, hasa wale wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale UDOM, wanauliza sana hili swali: wenzetu wanakutana kila mwaka kujadili mantiki, lugha na kuprogramu maajenti (programu zinazojiamulia zenyewe cha kufanya), sisi tunaingiaje? Mnaingia, tena bila kumjua mtu, ila wengi wanaanzia mwisho, wanatafuta tiketi kabla hawajajua hata wanaenda kusema nini.

Kwanza ujue mikutano yenyewe haifanani. ESSLLI ni shule ya kiangazi ya mantiki, lugha na kompyuta, ipo tangu 1989, inahamahama miji ya Ulaya, wiki mbili za madarasa, kozi moja ni wiki nzima, dakika 90 kila siku kwa siku tano, na zipo za wanaoanza sifuri kabisa hadi za waliobobea. Marekani wana ya kwao, NASSLLI. WoLLIC iliyoanza Brazil 1994 ni ya watu wanaoleta pepa. Upande wa maajenti kuna AAMAS, mkutano mkubwa tangu 2002, na warsha ya EMAS ambayo ilitokea 2013 warsha tatu zilipoungana, ProMAS ikiwemo, kwa hiyo ukiiona ProMAS kwenye pepa za zamani usihangaike kuitafuta.

Kama bado uko digrii ya kwanza au masters usianze na AAMAS, utaumia bure. Anza na kile kipindi cha wanafunzi cha ESSLLI, mwenye PhD haruhusiwi kuleta kazi pale, unapambana na saizi yako.

Sasa uandike nini? Hapa ndo nashangaaga, mtu katoka Mpwapwa, Kigogo na Kiswahili viko kichwani, halafu anakaa kuchambua sentensi za Kiingereza ambazo zimeshachambuliwa mpaka zimechakaa. Chukua hii tu: "Wanafunzi wote hawakuja." Maana yake hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi? Iandike kwa alama za mantiki uone, kwenye maana ya kwanza "wote" inakaa nje na ukanushi unakaa ndani (kila mwanafunzi, hakuja), kwenye ya pili ukanushi ndo unatoka nje (si kweli kwamba kila mwanafunzi alikuja). Halafu ibadilishe iwe "Si wanafunzi wote waliokuja", ile maana ya hakuja hata mmoja inapotea hapohapo. Chora picha ya darasa lenye wanafunzi watano, watatu wamekaa, viti viwili vitupu, nenda nayo soko la Sabasaba umuulize mama ntilie na jamaa wa boda: kwa picha hii, sentensi ni kweli au uongo? Usiwaulize walimu wa isimu, hao wana nadharia zao tayari. Ukimaliza rudia zoezi kwa Kigogo, ukiwa na majibu ya watu wa kutosha na ukayapanga vizuri hiyo ni pepa fupi.

Kama wewe ni mtu wa maajenti, pakua Jason, programu ya kutengenezea maajenti, ni ya bure, imejengwa kwa Java na unaandika kwa lugha ya AgentSpeak. Tengeneza boda watatu wa stendi ya Nanenane. Kila mmoja mpe imani (mafuta yamebaki kiasi gani, abiria yuko wapi), mpe lengo, mpe mipango. Mpango una sehemu tatu: kimetokea nini, hali ikoje, basi fanya nini. Abiria katokea, mafuta yapo, kambebe. Abiria katokea, mafuta hakuna, lengo jipya ni kwenda sheli. Utamu unakuja pale boda wawili wanapomuona abiria mmoja na wote wanamkimbilia, inabidi watumiane ujumbe wakubaliane nani aende, na ukifika hapo umeshaingia kwenye maswali yaleyale ya watu wa EMAS. Kuna hata mashindano, Multi-Agent Programming Contest, yalianza 2005 (angalia kwanza kama mwaka huu yapo), maajenti wako wanaungana na seva kwa intaneti, ndege hupandi.

Dedilaini nyingi zinaandikwa 23:59 AoE, yaani mpaka siku iishe kule inakochelewa kuisha kuliko kote duniani, UTC-12. Sisi tuko UTC+3, tofauti masaa 15, kwa hiyo wakisema tarehe 10 wewe unayo mpaka tarehe 11 saa tisa alasiri kasoro dakika moja. Usiitegemee lakini, umeme na bando vina tabia zao. Pandisha toleo la kwanza siku mbili kabla, kwa kawaida unaruhusiwa kulibadilisha mpaka muda uishe. Na wakitaka pepa isiyo na jina, toa jina la chuo pia, na shukrani kwa msimamizi wako, wengi wanasahau hizo.

Pesa: waandikie waandaaji mapema uombe kusamehewa ada au kusaidiwa malazi, imeli fupi, sema uko wapi na unaleta nini, usilie lie.

Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ndo inayosumbua. Unaomba usizidi miezi 6 kabla ya safari na zisipungue siku 15, ila ukiwa Tanzania hizo siku 15 ni za kujitafutia presha, anza miezi mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, lakini mwanafunzi anayesafiri kwa ajili ya masomo kanuni zao zinamsamehe, hiyo uitaje mwenyewe na upeleke barua ya chuo. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Alama za vidole unaenda kuchukuliwa Dar, kwa SGR unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, angalia ratiba kwanza, chukua miadi ya saa ambayo treni ya asubuhi itakuwahisha. Jina kwenye barua ya mwaliko liwe lilelile la kwenye pasipoti, majina matatu kwa matatu, likitofautiana waombe waandike barua nyingine kabla hujapanda treni.