Mkanda wa jeshi usoni: tazama ncha ya pua

Mkanda wa jeshi wa usoni huanza kwa maumivu ya kuchoma siku kadhaa kabla ya malengelenge, ndiyo maana wengine hung'olewa jino zima lisilo na kosa. Dalili ya kuutambua: vidonda hukaa upande mmoja tu. Hata kwenye kaakaa au ulimi, vinakoma katikati kabisa.

Lengelenge likitokea kwenye ncha au ubavu wa pua, jicho limo hatarini hata kama bado halijawa jekundu. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Sikio likiuma na mdomo ukaanza kwenda upande, nenda hospitali siku hiyohiyo pia.

Dawa ni asaiklovia ya kumeza: kwa mtu mzima kawaida miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7, ianzwe ndani ya saa 72 tangu upele utokee. (Vidonge vingi ni vya 200 au 400, hesabu vizuri.) Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na maji ya kunywa yasikosekane. Krimu peke yake haitoshi.

Kinywani, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Kula uji uliopoa, acha ndimu na pilipili. Kama u kijana, pima VVU pia, maana mkanda wa jeshi ujanani huweza kuwa ishara ya kinga iliyodhoofika.