Fundi alizima apdeti ili kuokoa bando? Ziwashe, hivi hapa

Juzi shemeji kaniletea laptopu yake, analalamika kila akifungua intaneti yanamiminika matangazo ya kamari. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, nikaandika winver, nikagonga Enter, likatokea toleo la zamani ile mbaya. Shemeji mbona huapdeti? Akasema fundi aliyempigia Windows alizima apdeti kabisa, eti zinakula bando. Na fundi hakudanganya, zinakula kweli, ila bando lina dawa yake, wezi wakipita kwenye tundu ambalo hukuziba na pesa ikishatoka kwenye akaunti sijui utamdai nani.

Hiyo winver jaribu na wewe sasa hivi. Ikikwambia Windows 10, jua msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, ila Microsoft waliacha kamlango, unaweza kujiandikisha ukaendelea kupata marekebisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Unaingia Settings, Update & Security, kisha Windows Update, utaona pa kujiunga, inabidi uwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, na ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye hiyo akaunti hulipi hata senti. Windows 11 ndo nzuri kama mashine inaikubali, laptopu nyingi za mtumba zilizotengenezwa kabla ya 2018 zinagoma kwa sababu ya prosesa au kile kichipu cha usalama kinaitwa TPM 2.0, usilazimishe.

Haya, bando sasa. Apdeti za Windows zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huku inakuwa saa mbili au saa tatu usiku. Na kitu ambacho wengi hawakijui, zinajumlishwa, yani ukikosa ya mwezi wa tatu na wa nne, ukishusha ya mwezi wa tano zote umezipata, huna haja ya kuzifukuzia moja moja. Mimi nafanya hivi: hotspoti ya simu nimeiambia kompyuta kwamba data yake inahesabiwa, unaingia Settings, Network & internet, unabonyeza mtandao wako, unawasha Metered connection, hapo Windows inaacha kushusha mizigo mikubwa kimya kimya. Halafu mara moja kwa mwezi, siku nina bando la usiku au nipo mahali penye WiFi, naingia Windows Update mwenyewe nabonyeza Download nalala zangu.

Kama nyumbani mna kompyuta mbili, hapo hapo Windows Update kuna Advanced options, ndani yake Delivery Optimization, ruhusu zipokeane kwenye mtandao wa nyumbani tu, ya kwanza ikishashusha ya pili inachota kwa mwenzake. Ila usiache ile ya intaneti nzima, maana hapo bando lako ndo linawagawia watu usiowajua.

Kwa nini uhangaike hivyo kila mwezi? Kiraka, yani apdeti ya kuziba tundu la usalama, kikitoka wezi nao wanakishusha, wanalinganisha ya zamani na mpya wanaona tundu lilikuwa wapi, halafu wanaanza kutafuta ambao hawajaziba. Vile virusi vya WannaCry vya 2017, kiraka kilikuwa kimetoka 14 Machi, virusi vikaanza kusambaa 12 Mei, karibu miezi miwili, na bado vikakuta kompyuta kibao ziko wazi, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu mafaili yamefungwa na kwenye skrini mtu anadai dola 300 kwa bitcoin. Miezi miwili yote dawa ilikuwa mezani.

Kuna kitu kinaniuma zaidi, Windows za kukraki, yani zile za wizi zisizo na leseni. Ile programu ya kuziaktiveti, yani ya kuzidanganya kwamba zimelipiwa, karibu kila mara inakwambia zima kwanza antivirusi, sasa jiulize, mgeni gani anapiga simu kabla hajafika anasema mfungieni mbwa? Na zingine zinaua kabisa huduma ya apdeti. Windows yenyewe unaishusha bure kwenye tovuti ya Microsoft, ukiipiga bila kuiaktiveti itaandika tu pale chini pembeni na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini apdeti za usalama zinaingia, leseni utanunua ukijipanga. Mafundi hawapendi kusikia hili.

Tuje kwenye brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, maana hiyo ndo inakutana na watu wa nje kutwa nzima. Kama bado unafungua Internet Explorer kwa sababu mfumo fulani wa ofisi unaitaka, ilistaafishwa 15 Juni 2022, achana nayo. Chrome, Edge, Brave na Opera zimejengwa juu ya kitu kimoja kinaitwa Chromium, Firefox ina injini yake. Watu wanabishana ipi salama zaidi, mimi nasema iliyoapdetiwa jana inaishinda iliyoapdetiwa mwaka jana, jina lolote liwe.

Na hapa ndo wengi tunakwama bila kujua. Chrome inajishushia apdeti yenyewe, sawa, lakini haianzi kufanya kazi mpaka uifunge na kuifungua tena. Sasa mtu kafungua kurasa arobaini kwenye brauza, kila moja na tabu yake, akimaliza kazi anafunika laptopu tu, kesho anafunua anaendelea, wiki tatu zinapita apdeti imekaa mlangoni inasubiri. Bonyeza vidoti vitatu pale juu kulia, nenda Help, halafu About Google Chrome, itakagua yenyewe, ukiona Relaunch bonyeza, tabu zako zitarudi, zisizorudi ni zile za Incognito tu, lile dirisha la siri.

Nyumbani kwangu zipo brauza mbili. Firefox ni ya mambo ya pesa na barua pepe, haina ekstensheni, yani kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, hata moja zaidi ya uBlock Origin ya kuzuia matangazo, ambayo Firefox bado inaikubali ikiwa kamili wakati Chrome imebaki na ile ndogo ya Lite. Ya pili ni ya watoto, katuni, na mpira wa bure ambao sote tunajua unatoka wapi. Zikichafuka zichafuke huko huko. Ekstensheni zikague, ile uliyoweka 2021 ya kushusha video inaweza kuwa ishauzwa kwa mtu mwingine, na mwenye mpya akituma apdeti yake inaingia bila kukuuliza. Ya shemeji ilikuwa ndo hiyo hiyo, nikaitoa, kamari ikanyamaza.

Kingine, ukiwa katikati ya kusoma habari ukurasa ukakurukia kwamba brauza yako imepitwa na wakati, shusha hapa, funga. Brauza ya kweli inakudokeza kule juu pembeni karibu na menyu yake, haitumi faili kupitia tovuti ya udaku.

Kwa mwenye Windows 7, hiyo iliachwa tangu 14 Januari 2020 na Chrome iliishia toleo la 109, kuapdeti huko ni kujichosha. Kama ina RAM ya GB 2, bora 4, weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye flashi, iwashie kompyuta kutoka kwenye hiyo flashi bila kugusa diski, ijaribu jioni nzima, angalia WiFi inashika, sauti inatoka, printa inaitika, ndo uhamishe picha zako kwenye diski ya nje na kuisimika.